Joka na Ngoma ya Karagwe: Mvutano wa Msomaji Mbele ya Riwaya ya Fourth Wing

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Fourth Wing (2023), riwaya ya Rebecca Yarros inayounganisha fantasia ya majoka na mapenzi, kwa kuisoma sambamba na visakale vya ufalme wa Karagwe, ambao sehemu kubwa ya eneo lake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera. Inatolewa hoja kwamba hisia mseto ambazo riwaya hii humwachia msomaji zina chanzo kinachoweza kuonyeshwa ndani ya matini. Riwaya inaipa ngano hadhi ya ushahidi dhidi ya kumbukumbu rasmi za dola, kisha inauacha ushahidi huo upimwe kwa mizani ya uaminifu wa wapenzi wawili. Kisakale cha ngoma ya Karagwe kinasaidia kuona kilichopungua. Kwa upande mwingine, riwaya inafichua upungufu wa kisakale chenyewe, ambamo mwanamke hana kauli. Makala yanahitimisha kwa kueleza kile ambacho fantasia ya Kiswahili inaweza kujifunza kutokana na pande zote mbili.

Istilahi za msingi: fantasia, riwaya pendwa, kisakale, usimulizi, Karagwe

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Fourth Wing ilichapishwa nchini Marekani na Red Tower Books mwezi Mei 2023. Kitabu cha pili cha mfululizo huo, Iron Flame, kilitoka Novemba mwaka huohuo, na cha tatu, Onyx Storm, kilitoka Januari 2025. Vitabu hivi viliongoza orodha za mauzo za gazeti la New York Times na kuenezwa na wasomaji vijana kwa njia ya video fupi za mitandaoni. Kwa kigezo chochote cha mauzo, hii ni riwaya pendwa.

Kisa chake kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Violet Sorrengail, msichana wa miaka ishirini mwenye mwili dhaifu na viungo vinavyoteguka kwa urahisi, ameandaliwa na marehemu baba yake awe mtunza kumbukumbu. Mama yake, jenerali katika jeshi la Navarre, anamlazimisha aingie katika kitengo cha wapanda majoka cha chuo cha kijeshi cha Basgiath. Humo wanafunzi hufa wakivuka ukingo mwembamba wa mawe, hufa wakikwea, na huuana wao kwa wao. Wachache wanaobaki huchaguliwa na majoka. Violet anachaguliwa na majoka wawili: Tairn, joka jeusi lenye nguvu kubwa, na Andarna, joka dogo la rangi ya dhahabu. Papo hapo anavutwa kimapenzi na Xaden Riorson, mwana wa kiongozi wa uasi aliyeuawa na dola ambayo mama yake Violet anaitumikia.

Ni rahisi kwa mhakiki kuipuuza riwaya ya aina hii kwa madai kwamba ni burudani ya kupita. Ni rahisi vilevile kuitetea kwa hoja kwamba inasomwa na wengi. Njia zote mbili zinaliacha swali la msingi bila jibu. Janice Radway (1984), katika utafiti wake kuhusu wanawake wa Marekani wanaosoma riwaya za mapenzi, alionyesha kwamba msomaji wa fasihi pendwa hufanya kazi anaposoma: huchagua, hulinganisha, huridhika na hili na kukasirishwa na lile. Hisia mseto, kwa mtazamo huo, ni aina ya hukumu. Kazi ya uhakiki ni kuitafutia hukumu hiyo sababu zake ndani ya matini.

Msomaji anayezungumziwa katika makala haya ni msomaji dhahania, kwa maana inayokaribiana na ile ya Wolfgang Iser, ila amehamishwa mahali. Ni msomaji anayekifungua kitabu hiki akiwa na visakale vya Karagwe akilini. Sababu ya kumchagua ni moja. Fantasia ya Yarros imejengwa juu ya tukio la kiumbe chenye nguvu zipitazo za kibinadamu kumteua anayestahili. Karagwe ina kisakale cha tukio la namna hiyo, na kilikwisha kuwekwa katika maandishi tangu karne ya 19.

2.0 Ngoma Iliyokataa Kuinuliwa

Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe wakiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile. Mtawala wa wakati huo alikuwa Rumanyika wa ukoo wa Bahinda, ukoo ambao historia yake, pamoja na ya makao yao makuu ya Bweranyange, imechambuliwa kwa kina na Israel Katoke (1975). Katika kitabu cha safari yake kilichotoka 1863, Speke anasimulia jinsi Rumanyika alivyoeleza namna alivyourithi ufalme. Baada ya kifo cha baba yao, wana watatu walidai kiti. Maofisa wa dola waliweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa uzito wa kawaida lakini iliyosheheni dawa, ambayo hakuna awezaye kuinua isipokuwa yule ambaye mizimu imemkubali. Ndugu wawili walihangaika nayo bila mafanikio. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo.

Simulizi haliishii hapo. Mrithi alitakiwa pia kuketi mahali maalumu, na ardhi ikainuka naye hadi juu mawinguni. Kama mizimu ilimridhia, ilimshusha taratibu. Kama haikumridhia, ardhi ingeporomoka naye. Kuhusu mmoja wa watangulizi wa Rumanyika, ilisemekana kwamba mwili wake ulishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe na kuachwa ukielea ziwani katika mtumbwi, na kwamba miongoni mwa mabuu yaliyotokea, moja liligeuka simba, jingine chui, na la tatu fimbo.

Msomaji wa fantasia ya kisasa atayatambua haya mara moja. Kuna jaribio ambalo nguvu za mwili hazifui dafu ndani yake, kuna hatari ya kuporomoka kutoka juu, na kuna wanyama wanaozaliwa kutokana na mamlaka. Yote yamo pia katika Basgiath. Hata hivyo, mambo matatu yanakitofautisha kisakale cha Karagwe.

Kwanza, jaribio linafanyika mbele ya maofisa wa dola. Uteuzi ni tukio la hadharani, na ushahidi wa waliohudhuria ni sehemu ya uhalali wake. Pili, kinachoinuliwa ni ngoma. Katika lugha za ukanda wa maziwa makuu, Kinyambo na Kihaya zikiwamo, neno la ngoma ndilo pia neno la ufalme. Anayeinua ngoma anaonyesha kwamba anaweza kuubeba ufalme pamoja na watu walio ndani yake. Tatu, msimuliaji wa kisa ni mshindi mwenyewe. Rumanyika anamsimulia mgeni mwenye bunduki na uhusiano na mataifa ya mbali, ilhali ndugu yake, ambaye Speke anamwita Rogero, aliwahi kupigania kiti hichohicho. Kumbukumbu za kihistoria zinaonyesha kwamba ushindi wa Rumanyika ulitegemea pia wafanyabiashara wa misafara na majeshi ya Buganda. Ngoma katika simulizi inayafunika hayo yote. Kisakale hiki, kwa hiyo, ni sanaa na ni dai la kisiasa kwa wakati mmoja. Jambo hili la tatu litahitajika katika sehemu inayofuata.

3.0 Ngano kama Ushahidi

Wazo lililo bora kuliko yote katika Fourth Wing halihusu majoka. Linahusu kitabu cha ngano. Baba yake Violet alimwachia mkusanyiko wa hadithi za kale zinazosimulia viumbe waitwao venin, yaani watu wanaofyonza nguvu moja kwa moja kutoka ardhini na kuiacha nchi ikiwa jangwa. Navarre inazichukulia hadithi hizo kuwa za kuwaburudisha watoto. Kuelekea mwisho wa riwaya, Violet anakutana na venin ana kwa ana na kutambua kwamba watawala wake wamejua ukweli huo siku zote, wakaufuta katika kumbukumbu, na wakawaacha jirani zao wa Poromiel waangamie nje ya kinga ya Navarre.

Mbinu ya kiusimulizi inayoliandaa ugunduzi huu inastahili sifa. Sura nyingi zinatanguliwa na dondoo za maandishi ya kubuni ya dola: kanuni za kijeshi, vitabu vya historia, miongozo ya wapanda majoka. Mwanzoni msomaji huzichukua kama maelezo ya mandhari. Baadaye anagundua kwamba amekuwa akisoma propaganda, na kwamba yeye pia aliiamini. Riwaya nzima, kwa mujibu wa tangulizi lake, ni matini iliyotafsiriwa na mtunza kumbukumbu wa Basgiath. Hivyo swali la nani anaandika na nani anafuta limewekwa mlangoni mwa kazi.

Kwa msomaji aliyelelewa na fasihi ya Kiswahili, wazo hili lina ndugu wa karibu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea angani inawatuma wajumbe pande mbalimbali za ulimwengu, na wanaporudi na maarifa inawatupa gerezani. Karama, akijitetea mbele ya baraza, anazifufua habari za wajumbe hao kwa kuzisimulia. Hapo fantasia ni chombo cha kudai kile ambacho dola imekifungia. Yarros, miaka zaidi ya sabini baadaye na bila uhusiano wowote unaofahamika na Shaaban Robert, anafikia swali lilelile kwa njia nyingine. Furaha ya msomaji katika eneo hili ni ya haki.

Ila furaha hiyo inakatizwa upesi. Ukweli kuhusu venin unafichuliwa sambamba na ukweli mwingine: Xaden amekuwa akiwapelekea silaha wapiganaji wa Poromiel kwa siri na hakumwambia Violet. Ni kweli kwamba vita vinafuata, kwamba watu wanakufa, na kwamba Violet anapigana kwa ujasiri. Lakini swali linalobaki kinywani mwake, na ambalo riwaya inalipa nafasi kubwa ya kihisia, ni kwa nini mpenzi wake alimficha. Uongo wa dola kwa mamilioni na ukimya wa mwanamume kwa mwanamke mmoja vinawekwa katika kapu moja, na cha pili ndicho kinachoumiza zaidi. Ugunduzi ambao ungeweza kuipindua dunia ya riwaya unageuzwa kuwa kikwazo cha kimapenzi kitakachosubiri kitabu kinachofuata.

Kuna udhaifu wa pili ambao kisakale cha Karagwe kinausaidia kuonekana. Riwaya inagawanya maarifa katika mafungu mawili yasiyogusana: maandishi ya dola ni uongo, na ngano ni kweli. Ngoma ya Rumanyika haikubali mgawanyo huo. Pale Bweranyange ngano ndiyo iliyokuwa hati ya dola, na ilimtumikia mshindi. Anayetafuta upande wa Rogero hawezi kuupata kwa kuiamini ngoma tu, wala kwa kuikanusha tu. Anapaswa kuuliza nani alisimulia, kwa nani, na kwa faida gani. Violet, ambaye tumeambiwa ni mwanafunzi hodari wa kumbukumbu, hakiulizi kitabu cha baba yake maswali hayo. Nani alizikusanya ngano hizo? Kwa nini ziliachwa zisomwe ilhali historia ilifutwa? Yapo ya kutosha ya kujenga riwaya nyingine. Katika hii, ngano inatumika kama ufunguo, na mlango ukishafunguka haishughulikiwi tena.

4.0 Anayechagua na Anayebebwa

Tukio la majoka kuwachagua wapandaji wao limeandikwa vizuri. Katika msitu ambamo uteuzi hufanyika, Violet anawakuta wanafunzi wenzake watatu wakikusudia kumuua Andarna kwa sababu ni joka dogo na dhaifu. Anasimama kumlinda akijua kwamba hana nguvu za kuwashinda. Tairn anashuhudia, anaingilia, na kumchagua. Haingekuwa sahihi kusema kwamba uteuzi huu hauna maadili. Kama ilivyo kwa ngoma, misuli haikusaidia, na aliyedharauliwa ndiye aliyepita.

Tofauti inaanzia katika kile kinachofuata. Tairn ana mwenza wake, Sgaeyl, na Sgaeyl ndiye joka la Xaden. Majoka wenza hawawezi kutengana kwa muda mrefu. Kwa hiyo wapandaji wao nao hawawezi. Kwa ufundi huu wa msuko, uteuzi ambao ungeweza kumfunga Violet kwa nchi au kwa majoka kama jamii unamfunga kwa mwanamume mmoja. Joka linakuwa mshenga. Msomaji anayefurahia mapenzi atasema kwamba hilo ndilo alilolinunulia kitabu, naye atakuwa na haki. Msomaji anayeikumbuka ngoma atahisi kwamba mzigo umepunguzwa uzito akiwa anatazama.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba riwaya inaye mhusika aliyeinua ngoma. Baada ya uasi wa Tyrrendor kuzimwa, watoto 107 wa viongozi waliouawa wanalazimishwa kuingia katika kitengo cha wapanda majoka, ambako wengi wanatarajiwa kufa. Xaden ameweka dhamana kwa ajili yao, na makovu yaliyo mgongoni mwake ni alama za dhamana hiyo. Huyu ndiye mrithi kwa maana ya Karagwe: kijana anayebeba maisha ya wengine kwa mwili wake na anayetambuliwa na wafuasi wake kwa sababu hiyo. Lakini msimulizi, kwa kuwa ni mpenzi wake, anautazama mgongo huo kwanza kwa tamaa, kisha kwa huruma. Siasa ya makovu haipati kauli yake. Watoto wale wenyewe, isipokuwa wachache kama Liam, wanabaki kuwa idadi.

Hapa ndipo mvutano wa msomaji unapokuwa mkali. Anapewa malighafi ya utendi, kisha anaongozwa kuisoma kama barua ya mapenzi. Mulokozi (1983), alipowachunguza manju wa enanga wa Kagera, alidai kwamba nyimbo zao zinastahili kuitwa tendi, na sehemu ya hoja hiyo ni uzito wa kijamii unaobebwa na shujaa. Shujaa wa utendi anaweza kupenda, kuoa na kusalitiwa. Mambo hayo humpata akiwa mtu wa jamii fulani, na jamii hiyo huyalipia au kunufaika nayo. Katika Fourth Wing mwelekeo ni kinyume: jamii inaungua ili wapenzi wapate sababu ya kukumbatiana au kutengana.

5.0 Kauli ya Mwanamke

Ulinganisho ukiishia hapo utakuwa umependelea upande mmoja. Kisakale cha Karagwe kina ukimya wake, na Fourth Wing inauanika.

Waliodai kiti mbele ya ngoma walikuwa ndugu watatu wa kiume. Mama zao, dada zao na wake zao hawaonekani katika jaribio. Wanawake wa nyumba ya kifalme wanatokea kwingineko katika kitabu hichohicho cha Speke, na namna wanavyotokea inajulikana: mgeni anamshika shemeji ya mfalme na kumpima mikono, kifua na mapaja kwa utepe, akivutiwa na unene wake, kisha anaviandika vipimo. Mwili wa mwanamke umeingia katika kumbukumbu za Karagwe kama orodha ya tarakimu. Alichofikiri mwenye mwili huo hakikuandikwa.

Kwa kulinganisha, Fourth Wing inasimuliwa karibu yote na Violet mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo. Ni baada tu ya takribani kitabu kizima ndipo sura ya mwisho inapohamia kwa Xaden. Mwili wa Violet pia unapimwa na wengine: ni mfupi, ni mwepesi, mifupa yake inavunjika. Lakini anayetoa maana ya vipimo hivyo ni yeye. Anajifunga viungo vyake, anabuni njia za kukwea zinazolingana na umbo lake, na anatengenezewa tandiko litakalomshikilia mgongoni mwa joka. Yarros, ambaye ameeleza hadharani kwamba ana ugonjwa wa tishu unganishi unaofanana na hali ya mhusika wake, anauandika udhaifu wa mwili kwa usahihi wa mtu anayeujua. Maumivu hayamtakasi Violet wala hayaondolewi kwa muujiza. Ni sehemu ya siku zake, naye hupanga siku hizo kwa kuyazingatia.

Vilevile tamaa ya kimapenzi ya Violet haiadhibiwi. Hili si dogo likitazamwa kwa jicho la historia ya riwaya ya Kiswahili. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) iliithubutu mada ya mwili na matakwa ya msichana, lakini mhusika wake mkuu anaishia kujiua. Fantasia ya Kiswahili, kutoka Kusadikika hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi huyohuyo, imefikiri kwa kina kuhusu dola, ukweli, kifo na maana, na mara chache sana imempa mwanamke usukani wa usimulizi. Msomaji wa kike anayeigeukia riwaya ya Yarros kwa shauku hawezi kulaumiwa kwa kukosa kuisoma fantasia ya nyumbani, ikiwa ya nyumbani haikumwekea kiti.

6.0 Suala la Lugha: Joka, Agano na Omukago

Mvutano uliojadiliwa unaweza kuonekana pia katika tatizo la kuitafsiri riwaya hii. Neno joka ni ukubwa wa nyoka, nalo lina historia yake. Katika tafsiri za Biblia za Kiswahili, joka la kitabu cha Ufunuo ni Shetani. Katika jina la riwaya ya Abdallah J. Safari, Joka la Mdimu (2007), riwaya ya kihalisia inayohusu maisha ya mjini na ufisadi, joka ni sitiari isiyo na heri. Mfasiri akiandika joka, tayari ameleta uovu ambao Tairn hana. Akikopa neno la Kiingereza, amemtenga kiumbe huyo na mkusanyiko wa picha ambao ungempa uzito.

Sarufi nayo inadai uamuzi. Kwa umbo, joka ni la ngeli ya LI-YA. Kwa uhai, linaweza kuchukua upatanisho wa A-WA. Makala haya yenyewe yametumia njia zote mbili: joka jeusi lenye nguvu pale kiumbe kinapoelezwa kwa nje, na Tairn anashuhudia pale kinapotenda kwa hiari. Kwa mfasiri, kuhama kutoka upatanisho mmoja kwenda mwingine kungeweza kutumiwa kisanaa. Wanafunzi wanaoyaona majoka kwa hofu kwa mara ya kwanza wangesema joka limetua. Mpandaji ambaye joka lake limekwisha kuzungumza naye akilini angesema joka wangu ametua. Kiswahili kingeuonyesha ukuaji wa uhusiano huo kwa silabi moja.

Gumu zaidi ni neno la kifungo kati ya joka na mpandaji wake. Agano lina harufu ya maandiko matakatifu, na kifungo kinakaribia jela. Jamii za Kagera na majirani zao zina omukago, yaani udugu wa kuchanjiana damu. Neno hili linafaa kwa sababu kiini chake ni kuwaunganisha wasio wa damu moja kwa kiapo kinachoua anayekisaliti. Lakini omukago haukuwafunga wawili tu. Uliambatana na wajibu kwa watu wa pande zote mbili. Mfasiri akilitumia, neno litaahidi kitu ambacho riwaya haikitimizi, na pengo lililoelezwa katika sehemu ya nne litaonekana ndani ya msamiati wenyewe. Huenda hiyo ndiyo sababu nzuri ya kulitumia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hisia mseto zinazoletwa na Fourth Wing zinatokana na muundo wake. Riwaya inaahidi kwamba ngano iliyodharauliwa itaishtaki dola, kisha inaikabidhi kesi hiyo kwa mapenzi. Inamuumba mrithi anayebeba watu 107, kisha inamtazama kwa jicho la mpenzi wake pekee. Wakati huohuo inampa mwanamke mwenye mwili dhaifu mamlaka ya kusimulia, kutamani na kukosea bila kuangamizwa kwa ajili hiyo, na katika hili inaitangulia sehemu kubwa ya fantasia ya Kiswahili.

Yapo ya kufanyiwa kazi katika Kiswahili. Jina la Rumanyika leo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 pamoja na ile ya Ibanda-Kyerwa. Kisa cha ngoma yake kinapatikana kwa urahisi zaidi katika kitabu cha msafiri Mwingereza kuliko katika riwaya yoyote ya Kiswahili. Mwandishi atakayekichukua hatahitaji kuyaiga majoka ya Navarre. Atahitaji kuamua, kabla ya sentensi ya kwanza, kama ngoma itasimuliwa na aliyeinyanyua, na ndugu aliyeshindwa, au na mmoja wa wanawake waliokuwa ndani ya ua siku ile. Kwa vyuo vinavyofundisha riwaya, kuisoma Fourth Wing bega kwa bega na Kusadikika kutawapa wanafunzi fursa ya kuuliza swali hilohilo kuhusu matini mbili zilizo mbali kwa lugha na zama: maarifa yaliyofichwa na dola yanapofichuka, ni nani anayeyapokea, na anawajibika kwa nani?